Rubani na Karatasi Yake

Ukitoka Mbulu mjini kwenda Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, unapitia Dongobesh. Masika, matope ya njia hiyo yamewahi kumshinda dereva hodari. Ndiyo maana Haydom pana uwanja wa ndege ndogo.

Umwonapo rubani akiizunguka ndege na karatasi mkononi, akigusa mabawa na kupima mafuta, usimdhani mwanagenzi. Karatasi ile ilinunuliwa kwa damu.

Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Ohio, Marekani, ndege mpya ya Boeing iliruka kwa majaribio, ikapanda wima, ikaanguka na kuwaka moto. Rubani wake, Meja Ployer Hill, alikuwa bingwa, akafariki. Injini hazikuwa na kosa. Kufuli linalozuia usukani wa mkia usitikiswe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa lilisahauliwa kufunguliwa. Wenzake hawakutafuta bingwa zaidi yake. Waliandika orodha fupi, isomwe kabla ya kuruka.

Wapasuaji nao wakaiga. Orodha ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa mwaka 2007 na 2008 katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, hapa kwetu. Katika hospitali hizo kwa jumla, vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Wahenga walinena: mali bila daftari huisha bila habari. Itakuwaje roho ya mgonjwa aliyelazwa nyuma ya rubani?