Binti wa Beijing kwenye benchi la Japani

Mwaka 1988 Ren Yanli, mchezaji wa timu ya taifa ya China ya softiboli, alihama Beijing, mji aliozaliwa, akaenda kuishi Takasaki, mji wa viwanda katika mkoa wa Gunma, kaskazini-magharibi mwa Tokyo. Alikuwa na miaka ishirini na kitu. Hakuondoka kwa kukosa namba: miaka miwili kabla, huko Auckland, China ilikuwa imeshika nafasi ya pili kwenye mashindano ya dunia, nyuma ya Marekani. Alichokifuata Japani ni mtu. Taeko Utsugi, aliyekuwa nyota wa timu ya taifa ya Japani, alikuwa amegeukia ukocha na kukabidhiwa timu ya wanawake ya kiwanda cha Hitachi pale Takasaki, na Ren alitaka kufundishwa naye.

Aliyecheza raunda katika shule ya msingi nchini Kenya hatapata shida kuuelewa mchezo wenyewe: mmoja anarusha, mwingine anapiga, kisha mbio kuzunguka vituo. Softiboli ilianza Chicago mwaka 1887, ndani ya ukumbi wa klabu ya mashua, vijana walipofunga glavu ya ndondi ikawa mpira na kushika mpini wa ufagio ukawa gongo. Siku hizi si mchezo wa kupisha baridi tena. Mrushaji husimama mita 13.11 tu kutoka kwa mpigaji, huuzungusha mkono kwa chini, na mpira hufika chini ya nusu sekunde. Mpigaji anayesubiri auone vizuri ndipo aamue, amechelewa.

Japani, mchezo huu ulilelewa na viwanda. Kampuni kubwa ziliajiri wasichana waliomaliza shule, zikawapa kazi ya ofisini au kiwandani na muda wa mazoezi, kisha zikawapeleka kwenye ligi wakiwa wamevaa jina la kampuni. Hakuna jambo kama hilo Marekani, ambako wachezaji hutoka vyuo vikuu na wengi hupotea baada ya kuhitimu. Mfumo wa viwanda ulikuwa na faida moja kubwa: mchezaji aliweza kukaa na kocha mmoja miaka kumi au zaidi, akajifunza kazi yake taratibu, kama fundi. Taeko naye hakuwa mpole. Alisifika kwa kusimama karibu na wachezaji wake na kuwapigia mipira ya chini mfululizo, mmoja haujadakwa vizuri mwingine umeshafika.

Mwaka 1995 Ren alichukua uraia wa Japani na jina jipya, Reika Utsugi. Ukoo huo ni wa kocha wake. Mwaka uliofuata, Atlanta, softiboli ilikuwa inaingia kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza, na yeye alikuwa katika ubora wake. Hakwenda. Sheria za Olimpiki zilimtaka aliyebadilisha uraia asubiri miaka mitatu, isipokuwa nchi aliyoiacha imruhusu. China haikumruhusu. Mtu anaweza kuilaumu China, lakini tazama hesabu ilivyokuwa: China ilitoka Atlanta na fedha, Japani ikamaliza ya nne bila medali. Ni nani angempa mpinzani wake mpigaji wa namna ile kwa hiari?

Basi alisubiri hadi Sydney 2000, akiwa na miaka 37, umri ambao wachezaji wengi wa softiboli huwa wamekwisha kutundika glavu. Kocha wa timu ya taifa alikuwa Taeko yuleyule. Katika hatua ya makundi Japani iliifunga Marekani 2-1 katika awamu ya 11, na ikafika fainali bila kupoteza mchezo hata mmoja. Marekani, bingwa mtetezi, ilikuwa imepoteza mitatu mfululizo na kunusurika.

Fainali ilichezwa tarehe 26 Septemba. Aliyerusha kwa upande wa Marekani alikuwa Lisa Fernandez, ambaye wakati ule wapigaji wengi duniani walikuwa hawaugusi mpira wake. Katika awamu ya nne Reika Utsugi aliugusa, na mpira ukavuka uzio. Japani 1, Marekani 0. Awamu ya tano Marekani ikasawazisha, na mchezo ukapita awamu saba za kawaida. Katika awamu ya nane Laura Berg alipiga mpira wa juu kuelekea kushoto. Mlinzi wa Japani alirudi nyuma akiukimbiza, ukaingia kwenye glavu yake, akaanguka, ukatoka. Mmarekani mwingine aliyekuwa kituoni akafika kituo cha nyumbani, ikawa alama. 2-1, dhahabu ya Marekani.

Katika kikosi kile cha fedha walikuwamo wawili ambao baadaye wangekaa wenyewe kwenye benchi la ukocha. Mmoja ni Reika, mwingine ni Haruka Saito. Dhahabu zote za Olimpiki ambazo Japani imewahi kupata katika softiboli zimeletwa na makocha hao wawili, na sioni kama ni bahati nasibu. Wote walikuwapo pale mpira ulipotoka kwenye glavu. Walijua Marekani inafungika, na walijua pia kwamba kuiongoza si kuishinda.

Athens 2004 Reika alicheza akiwa na miaka 41, Japani ikapata shaba, na Taeko akaachia timu ya taifa. Marekani ilikuwa imetisha: mashindano mazima ilipata alama 51 na kuruhusu moja tu. Ubabe huo ulitajwa sana mwaka 2005, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipokutana Singapore na kupiga kura ya kila mchezo. Softiboli ilipata kura 52 za ndiyo na 52 za hapana, mmoja hakupiga upande wowote. Kwa kukosa kura moja, mchezo ukaondolewa kuanzia London 2012.

Kabla ya hapo ilibaki Beijing 2008. Saito ndiye aliyekuwa kocha, na mrushaji wake alikuwa Yukiko Ueno, aliyejiunga na timu ya Takasaki mwaka 2001 akitoka sekondari. Ueno alirusha mipira 413 katika michezo mitatu ndani ya siku mbili, na Japani ikaifunga Marekani 3-1 kwenye fainali, ikikata mlolongo wa Marekani wa ushindi 22 wa Olimpiki. Reika hakuwa kwenye kikosi siku Japani ilipotwaa dhahabu katika mji aliozaliwa.

Zamu yake ilikuja wakati ambao haukuwa na Olimpiki. Katika nchi nyingine, kuondolewa kwa mchezo kulimaanisha fedha za serikali kukauka. Japani, viwanda viliendelea kulipa mishahara. Timu ya Takasaki ilibadilisha wamiliki, kutoka Hitachi ikawa ya Renesas, na mwaka 2015 ikachukuliwa na kampuni ya maduka ya Bic Camera, lakini uwanja ulikuwa na wachezaji kila siku. Reika alipewa timu ya taifa, na mwaka 2012, huko Whitehorse nchini Kanada, Japani iliifunga Marekani 2-1 katika awamu ya 10 na kuwa bingwa wa dunia kwa mara ya kwanza tangu 1970. Mwaka 2014, Haarlem, ikatetea ubingwa kwa 4-1.

Tokyo ilipoamua kuurudisha mchezo kwa Olimpiki yake, kazi ilikuwa ya Reika, ingawa njia haikunyooka. Mwaka 2018 mashindano ya dunia yalifanyika Chiba, nyumbani, na Marekani ikaondoka na kombe kwa 7-6 baada ya awamu 10. Wapo walioona Ueno amezeeka. Reika, ambaye yeye mwenyewe alicheza Olimpiki akiwa na miaka 41, hakuwa mtu wa kusikiliza hoja hiyo.

Fainali ya Olimpiki ilichezwa Yokohama tarehe 27 Julai 2021, bila watazamaji kwa sababu ya korona. Ueno, aliyetimiza miaka 39 siku chache kabla, ndiye aliyeanza. Japani ilikuwa mbele 2-0 katika awamu ya sita alipoanza kuyumba, na Reika akamtoa. Aliyeingia ni Miu Goto, msichana wa miaka 20 kutoka timu ya Toyota, aliyezaliwa mwaka uleule Ueno alipoanza kazi Takasaki. Amanda Chidester wa Marekani akapiga mpira mkali ulionyooka kuelekea kituo cha tatu. Ulimgonga mlinzi Yu Yamamoto mkononi, ukaruka, na kabla haujagusa ardhi Mana Atsumi akaudaka, akageuka, akaurusha kituo cha pili ambako Mmarekani alikuwa ameshaondoka. Wawili wakatoka kwa pigo moja.

Awamu ya saba Reika alifanya jambo ambalo besiboli hairuhusu lakini softiboli inaruhusu: alimrudisha Ueno uwanjani. Sheria inampa mchezaji aliyeanza nafasi moja ya kutoka na kuingia tena, na kocha alikuwa ameitunza. Ueno akamaliza, 2-0.

Paris 2024 haikuwa na softiboli. Mchezo umepangwa kurudi Los Angeles 2028, ila mechi zake zitachezwa Oklahoma City, jimbo jingine kabisa, kwa kuwa uwanja mkubwa wa softiboli uko huko.