Mijusi wa Mumosho: ni yupi mwenye sumu?

Hata mmoja. Kati ya mijusi wanaoonekana Mumosho, toka kwenye kuta za nyumba mpaka kandokando ya Ruzizi, hakuna anayeua mtu kwa sumu. Lakini kinyonga ndiye anapigwa mawe sana sana, eti akikuuma umekwisha. Si kweli.

Kinyonga anatembea pole pole, kila jicho linaangalia upande wake, na ulimi wake unaweza kupita mwili kwa urefu. Rangi anabadilisha kwa joto, kwa hasira ao kwa kutafuta jike, si kwa uchawi. Kuna aina ya milima hii ambayo dume iko na pembe tatu, jike hana. Chakula chao ni wadudu, pamoja na panzi wa shambani.

Yule wa kwenye plafo usiku naye anakula mbu. Hana kope, jicho analipangusa na ulimi. Akikamatwa anaacha mkia, kisha unaota tena. Kinyonga hawezi hivyo.

Wa kuchunga ni kenge. Anakaa karibu na maji, anaweza kufika metre mbili, anakula samaki, mayai na vifaranga. Anauma, na mkia wake unachapa kama fimbo. Watoto wasimzingire, na kuku wafungiwe mapema.