IBM Simon
IBM Simon ni simu ya mkononi iliyounganishwa na kompyuta ya kiganjani, iliyoanza kuuzwa Marekani na kampuni ya BellSouth mwezi Agosti 1994. Katika chombo kimoja mmiliki alipata simu, kalenda, kitabu cha anwani, faksi na barua pepe, vyote vikiendeshwa kwa kugusa kioo. Faida hiyo ilikuja na gharama yake: bei ya dola 899 pamoja na mkataba, uzito wa takribani nusu kilo, na betri iliyohimili maongezi ya saa moja hivi. Betri ilipoisha, mmiliki alikosa simu, ratiba na anwani kwa mpigo.

Wapo wanaodai kwamba mauzo ya takribani simu 50,000 yanathibitisha ubovu wa wazo lenyewe. Dai hilo halisimami, kwani kasoro kubwa zilitokana na betri na vipuri vya wakati ule. Muungano wenyewe wa kazi umerithiwa na simu janja zote. Hata hivyo, mnunuzi hulipia chombo, halipii wazo. Simon ilimfaa mfanyabiashara msafiri. Kwa mwenye simu ya mezani na shajara ya karatasi, hasara ilizidi faida.