Nuru, Giza na Nyuso Nne: Historia ya Picha Moja ya Wimbo

Mwenye macho haambiwi tazama. Hata hivyo, sisi walimu twajua kwamba kutazama ni jambo moja na kuona ni jambo jingine. Tulipowataka wanafunzi wetu waeleze kwa Kiswahili mwanga na mwendo wa kamera katika picha ya wimbo wa kisasa, karibu wote waliandika kwamba picha inapendeza, wakaishia hapo. Hawakukosa macho, walikosa maneno. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa tuichambue hapa picha moja mashuhuri, tupate kujua ilivyoundwa na ilikotoka.

Picha yenyewe ni ya wimbo uitwao Bohemian Rhapsody, wa kundi la Queen la Uingereza. Ilirekodiwa tarehe 10 Novemba 1975 katika studio za Elstree, karibu na London, chini ya mwelekezi Bruce Gowers. Wakati huo kundi lilikuwa likijiandaa kwa safari ya maonyesho. Tena wimbo wenyewe, wenye urefu wa karibu dakika 6 na sauti nyingi zilizorundikwa moja juu ya nyingine, haukuwa rahisi kuimbwa mbele ya watazamaji wa kipindi cha BBC kiitwacho Top of the Pops. Basi wakapeleka picha badala ya kwenda wenyewe. Kazi ya kurekodi ilichukua muda wa saa 4 hivi, nayo ilifanywa kwa kanda ya video wala si kwa filamu. Hawakuwa wa kwanza, kwani Beatles walikwisha kutengeneza picha za nyimbo zao mwaka 1966. Lakini wimbo huu ulikaa wiki 9 katika nafasi ya kwanza nchini Uingereza, na watengenezaji wa santuri wakatambua nguvu ya picha.

Tuanze na mwanga. Mwanzoni twaona vivuli vya watu wanne katika utusitusi, wala hatuwezi kuwatambua. Kisha nuru yaongezeka polepole, na nyuso nne zachomoza gizani zikiwa zimepangwa mfano wa kishada: mmoja juu, wawili kando, mmoja chini. Nuru hiyo yatoka juu. Kwa hiyo paji la uso na mifupa ya mashavu hung'aa, ilhali macho huzama kivulini. Nyuma yao ni giza tupu. Hapana ukuta wala pazia. Matokeo yake ni kwamba nyuso zaonekana kuelea, mfano wa sanamu zilizopewa sauti.

Ama kuhusu mwendo, hapa ndipo wengi hudanganyika. Katika sehemu ya katikati, iimbwayo kwa namna ya opera, uso mmoja wajirudia mara nyingi na kufuatana kwenda mbali, kama sauti inayofifia bondeni. Mtazamaji hudhani kwamba kamera imekimbia. La, hasha. Kamera ilielekezwa kwenye skrini ya televisheni iliyokuwa ikionyesha picha ya kamera hiyohiyo, picha ikaingia ndani ya picha. Aliyewahi kukaa kwa kinyozi kati ya vioo viwili vinavyotazamana ameiona hali hiyo. Mahali pengine nyuso ziliongezwa kwa lenzi iliyochongwa pande nyingi. Mambo haya yalifanywa palepale wakati wa kurekodi. Sehemu ya mwisho ni tofauti: muziki washika kasi, twarudishwa jukwaani, na picha za wapigaji zapokezana upesi upesi. Basi mwendo wa picha si lazima uwe mwendo wa kamera.

Yabaki suala la asili. Mwenzetu mmoja alituambia kwa fahari kwamba nuru ile ni mbalamwezi ya Unguja, madhali mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Kuzaliwa kwake huko ni kweli, na ni kweli pia kwamba jamaa zake walihamia Uingereza mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Lakini nuru ile ina nasaba nyingine. Mwaka 1974 Mick Rock alipiga picha ya jalada la santuri ya Queen II, naye aliifuatisha picha ya mwigizaji Marlene Dietrich iliyopigwa na Don English wakati wa filamu Shanghai Express ya mwaka 1932. Mwaka 1975 jalada lile likapewa uhai. Nuru hiyo, basi, ilitoka Hollywood.

Hatumpunguzii mwenzetu fahari yake. Twamwomba tu asiijenge juu ya jambo lisilokuwapo. Mwalimu akimfundisha mtoto historia ya kupendeza badala ya historia ya kweli, amemnyang'anya macho yaleyale aliyotaka kumfumbua. Kilicho chetu katika jambo hili ni lugha. Kiswahili kina nuru, mng'ao, utusitusi na kiza. Kina kuchomoza, kufifia, kusogea na kupokezana. Tuliporudi darasani na maneno hayo, mwanafunzi mmoja aliyekuwa ameandika neno moja tu aliandika: "Nuru imeshuka juu ya nyuso, macho yakabaki kivulini." Hakuongeza kwamba inapendeza, nasi hatukumdai.