Dakika Tatu za Santuri

Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo. Upande mmoja wa santuri ulichukua takriban dakika 3. Wimbo uliozidi hapo ulifupishwa au kugawanywa.

Miaka ya 2000, vibanda vya Kariakoo vilivyorusha nyimbo kwenye simu vilipunguza kwa namna nyingine. Sauti ya CD hubeba kilobiti 1,411 kwa sekunde; MP3 ya 128 hubakiza sehemu moja tu katika kumi na moja. Beti zote zilikuwapo, lakini nyuzi za kanuni na fidla zilififia. Kwenye kivuko cha Magogoni, kelele zilificha upungufu huo. Usiku, nyumbani, ulisikika.

Kilichopunguzwa hakirudi. Mwenye kanda ya taarabu ya wazee wake aihifadhi kwanza nzima, ndipo atoe nakala nyepesi ya safarini.