MAPANGO YA SONGWE

Mapango ya Songwe, yaitwayo aghalabu Mapango ya Popo, yamo katika mawe ya chokaa ya bonde la mto Songwe, magharibi ya mji wa Mbeya. Na mto huu ni ule umiminao maji yake katika Ziwa Rukwa, wala si wajina wake ulio mpakani mwa Tanzania na Malawi. Chokaa ya mapango haya haina nasaba na bahari ya kale, kama ile ya mapango ya Amboni huko Tanga, bali imewekwa tabaka juu ya tabaka na chemchemi za majimoto, ambazo maji yake, yakipanda kutoka vilindini hali yamebeba chokaa na hewa ya ukaa, huipoteza hewa hiyo yafikapo juu, na chokaa ikaganda. Kiwanda cha saruji kilicho jirani hutumia akiba hiyo hiyo.

Samadi ya popo ilichimbwa humo zamani kwa ajili ya mashamba, na vumbi lake, ambalo laweza kuwa na kuvu wadhuruo mapafu, lamtaka aingiaye kuyapima mapango haya afunike pua na kinywa. Upimaji wenyewe ni kazi ya subira: utepe huvutwa kituo hadi kituo, dira husomwa mbali na chuma, mwinamo hunakiliwa katika karatasi isiyolowa. Na penye pango lipitiwalo na kijito, wakati wake ni kiangazi, kwani mvua za nyanda hizi za juu, Novemba hadi Aprili, huweza kuujaza ujia ghafla.