Kwa nini stima hulemewa saa za jioni, na mtumiaji anaweza kufanya nini

Wasikilizaji wetu hutuuliza mara nyingi: mbona stima hupotea jioni, wakati tunapoihitaji zaidi? Jibu limo ndani ya swali.

Stima haiwekwi ghalani kama mahindi. Sehemu kubwa hutumika papo hapo inapozalishwa, na gridi lazima ishikilie hezi 50. Matumizi yakizidi uzalishaji, hezi hushuka. Zikishuka mno, vifaa vya kinga hukata baadhi ya maeneo ili nchi nzima isiingie gizani.

Hapa Kenya kilele huwa kati ya saa moja na saa tatu usiku, na mahitaji hupita megawati 2,000. Jua limeshatua, kwa hiyo paneli za Garissa hazisaidii, na mitambo ya mafuta huitwa kazini. Mafuta hayo tunayalipia sote. Soma risiti yako ya tokeni. Kisha usiku wa manane watu wamelala, na kule Olkaria mvuke wa ardhini huachwa upotelee angani kwa kukosa wa kuutumia.

Ndiyo sababu, tangu Desemba 2017, viwanda vinavyoongeza matumizi yao usiku hulipa nusu bei kwa nyongeza hiyo, saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, siku za kazi. Mwaka 2023 mita za kuchaji magari na pikipiki za umeme ziliwekewa bei yake: shilingi 16 kwa yuniti, na 8 katika saa zenye matumizi madogo.

Mita ya nyumbani haijali ni saa ngapi, na kwetu hilo ni pengo. Hata hivyo, kuna vifaa vinavyoweza kungoja. Kile cha kupasha maji bafuni hula takriban kilowati 5, sawa na balbu 500 za wati 10. Kuzima balbu ya barazani ni vizuri, ila kuoga kabla ya saa kumi na mbili jioni au baada ya saa nne kunasaidia zaidi. Pasi na pampu ya maji nazo ziwashwe mchana.

Sisi hatuwezi kuihamisha taarifa ya habari ya saa moja. Pampu ya kisima cha studio, hiyo tumeihamishia alfajiri.